Waliotazama Barafu, Waliotazama Mfongo

Safari ya kwanza ya kuichunguza barafu ya Kilimanjaro ambayo habari zake zimetufikia haikuagizwa na chuo kikuu chochote. Iliagizwa na Mangi Rengua, mtawala wa Machame. Alitaka kujua kile cheupe kinachong'aa juu ya kilele cha Kibo ni kitu gani, akitumaini huenda ni madini ya fedha. Akatuma kundi kubwa la watu. Aliyerudi ni mmoja, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, akaeleza kwamba wenzake wameangamia kwa baridi na kwa hofu, maana walidhani ni pepo wabaya waliokuwa wakiwashambulia.

Wenyeji ndio waliomsimulia kisa hicho Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza na kuweka makazi Rabai, karibu na Mombasa. Kwa maoni yangu historia ya utafiti wa mlima huu ianzie hapo: palikuwa na swali, wakaenda watu, likaletwa jibu kwa aliyegharamia. Vitabu vingi huanza na Rebmann mwenyewe, tarehe 11 Mei 1848, alipoona weupe ule kwa mbali na kiongozi wake akauita baridi tu. Rebmann alikulia Ujerumani, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa theluji ni nini.

Taarifa yake ilichapwa mwaka 1849, na London ikacheka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mabishano hayo yalichukua zaidi ya miaka 10. Mwaka 1861 msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken alifika mlimani na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton. Mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia kichwani. Hata hivyo Cooley alikuwa mgumu kukubali.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yanaonyesha tabia iliyoganda katika utafiti wa Kilimanjaro kwa muda mrefu. Mgeni alipofika Moshi alitazama juu. Kilichokuwa usawa wa macho yake, yaani migomba, mifereji ya maji na watu waliompa chakula, alikiandika pembeni ya daftari. Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 walikuwa wamepitia kwa Mangi Marealle wa Marangu, aliyewapa msaada mkubwa. Kilele kikapewa jina la Kaizari wa Ujerumani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kijana aliyewaongoza, alikuja kuenziwa akiwa mzee sana.

Lakini Meyer tumpe haki yake. Aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu aliyoiacha miaka tisa kabla ilikuwa imerudi nyuma, na akaandika hivyo. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha ambazo zilitumika kuchora ramani ya kilele, na kutokana na kazi hiyo tunajua barafu wakati ule ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Kipimo hicho ndicho kila mtafiti wa baadaye amelinganisha nacho. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya kilomita za mraba 2.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walikuwa wameanza kutazama chini. Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa wanazuolojia mwaka 1905 na 1906, wakafanya kazi upande wa Kibongoto, wakiokota wadudu na wanyama. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika mwaka 1902, aliishi miongoni mwa Wachagga kwa miongo kadhaa, akaandika kitabu kizima kuhusu sheria zao, kilichotoka mwaka 1926. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alitoa kitabu chake kuhusu mlima na watu wake mwaka 1924. Gutmann na Dundas walikuwa na macho makali, ila walipenda kuandika mila kana kwamba ilishuka kutoka kwa mababu ikiwa kamili.

Aliyevuruga picha hiyo ni Sally Falk Moore, mwanasheria wa Marekani aliyegeuka mwanaanthropolojia. Alianza kazi yake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, akakaa katika mahakama za mwanzo na vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, akisikiliza ndugu wakigombea ardhi. Kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuatilia miaka 100 ya kile kinachoitwa sheria ya kimila na kuonyesha jinsi kilivyokuwa kikibadilika chini ya kahawa, ukoloni, Azimio la Arusha na uhaba wa ardhi. Anayetoka Uchagga ataijua mara moja hesabu aliyoikuta: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba, wa mwisho hurithi nyumba na kihamba cha baba, na wa katikati hujitafutia. Ardhi ilipokuwa tele, kujitafutia kulimaanisha kufyeka pori. Ilipokwisha, kulimaanisha kupanda basi la Dar es Salaam.

Mfongo, yaani mfereji wa maji, nao ulikuwa na safari yake. Wachagga walichimba mifereji hiyo kutoka mito ya korongoni, ikapita mabegani mwa milima hadi vihambani, bila vyombo vya kupimia zaidi ya macho na maji yenyewe. Kila mfongo ulikuwa na ukoo uliouanzisha, zamu zake na siku za kuusafisha. Wageni wa kwanza waliustaajabia, lakini baadaye maofisa wa kikoloni waligeuza kauli, wakadai kwamba unapoteza maji na kumomonyoa udongo. Mwaka 1974 Fidelis Masao, ambaye ni Mtanzania, alichapisha makala akiueleza mfumo huo kwa kutumia masimulizi ya wenyewe. Mwaka 2019 mwanahistoria Matthew Bender naye akaandika kitabu kizima juu ya mvutano wa kusimamia maji ya mlima huu. Ukisoma kazi hizo utaona kwamba suala la nani anayejua maji limegombewa sawasawa na suala la nani anayeyamiliki.

Barafu ikarudi magazetini kwa kishindo. Mapema mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alipandisha mitambo hadi juu ya Kibo akachimba nguzo sita za barafu, nazo zikashushwa na kusafirishwa Marekani zikiwa bado zimeganda. Kwa makadirio ya timu yake, barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka ipatayo 11,700. Ndani yake walisoma dalili za ukame mkali, pamoja na tabaka la vumbi la miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Ripoti hiyo ilitoka Oktoba 2002 katika jarida la Science, ikiwa na utabiri uliozunguka dunia nzima: barafu yote ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020.

Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa imebaki vipande. Lakini kosa la tarehe ni jambo dogo. Ugomvi mzito ulikuwa juu ya sababu. Georg Kaser wa Innsbruck, Thomas Mölg, Douglas Hardy wa Massachusetts na wenzao walikuwa na kituo cha hali ya hewa kileleni tangu mwaka 2000. Walieleza kwamba kule juu wastani wa joto ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, na kwamba sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki bali hugeuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali. Kwa hoja yao, mkosaji mkuu ni ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, wakati hata maziwa ya Afrika Mashariki yaliposhuka. Theluji mpya haikuanguka ya kutosha kufidia iliyopotea. Wengine wakawadaka juu kwa juu wakasema, basi dunia haipati joto! Watafiti wenyewe walikanusha, kwani ukavu huo wanauhusisha na mabadiliko ya tabianchi mapana zaidi, hasa upande wa Bahari ya Hindi. Walitilia shaka pia ule umri wa miaka 11,700. Mjadala huo haujafungwa.

Kwa mkulima wa Kibosho, hata hivyo, swali ni maji yanatoka wapi, na hapo barafu haina mengi ya kusema. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp wa Bayreuth, ambaye ameutembea mlima huu kwa miongo mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto wa misitu ya juu umeuletea mlima hasara kubwa ya maji kuliko kukonda kwa barafu. Msitu ule hukamua ukungu. Ukiungua, miti ya jamii ya Erika huachia nafasi vichaka vifupi, na mpaka wa juu wa msitu hushuka kwa mamia ya mita. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito ya Kilimanjaro huanzia kwenye ukanda wa msitu. Hemp huyohuyo na wenzake ndio waliopima, katika korongo la mlima huu, mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika.

Tangu mwaka 2010 mradi mkubwa uliogharamiwa na Ujerumani ulitumia kituo cha Nkweseko, Machame, na kuchunguza maeneo 60, kuanzia nyikani hadi juu ya mita 4,500. Waliohesabu nyuki walikaa meza moja na waliohesabu ndege, udongo na mvua. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 katika Nature yalionyesha kwamba madhara ya kilimo na ukataji wa miti huwa makali zaidi chini, kwenye joto na ukame.

Kihamba kimejitetea vizuri katika tafiti hizi. Hemp alihesabu humo zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Lakini kihamba hakisimami peke yake. Ng'ombe wake hufugwa zizini, na samadi yake ndiyo inayolisha mgomba na kahawa. Majani yake, kwa vijiji vya juu, yalikuwa yakikatwa na kina mama katika Nusu Maili, ukanda uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na malisho bila kuingia msituni. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikameza msitu wote wa akiba, na wananchi wamelalamika tangu hapo kwamba ukanda wao umekwenda nao. Wataalamu wa misitu wana sababu nzuri za kutaka msitu ule ufungwe. Wataalamu wa vihamba wanajua kwamba mzigo wa majani ukikosekana zizini, samadi hupungua na mgomba hukonda.