Sauti Chache: Ilimba ya Wagogo na Muziki wa Watu Wanne

Mwaka 1935 Benny Goodman wa Chicago, mpiga klarineti aliyekuwa na bendi kubwa ya dansi, alirekodi nyimbo pamoja na watu wawili tu: Teddy Wilson kwa piano na Gene Krupa kwa ngoma. Mwaka 1936 akaongezeka Lionel Hampton. Wilson na Hampton walikuwa weusi na wenzao weupe, na katika Marekani ya siku zile kuketi pamoja jukwaani halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, hilo peke yake halielezi mvuto wa muziki wao. Wanne hao hawakuwa na mpiga besi wala safu ya tarumbeta. Aliyekosea hakuwa na pa kujificha, na kiongozi alilazimika kuwasikiliza wale aliowaongoza.

Mtu wa Chamwino aijua ladha hiyo bila ya kuvuka bahari. Katika Ugogo mpiga ilimba hukaa na wenzake wachache, mmoja ana zeze, mwingine ana kayamba, nao huimba. Ilimba ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole. Katika ilimba kubwa vyuma vingine havipigwi kabisa, bali hutetemeka vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Na tundu la ubao huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Sauti hizo hufuata ngazi ya asili ambayo piano ya Wilson isingeweza kuipata. Chombo cha namna hii chataka masikio ya karibu.

Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, alikipeleka mbali. Baada ya uhuru wa 1961 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kisha akawa Bagamoyo, na mwaka 1996 santuri yake Chibite ikatolewa Uingereza na Real World. Baadaye alishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, katika Assembly. Kazi nzuri, lakini yamkini Chibite ndiyo itakayodumu, maana humo ilimba haishindani na mtu.

Chamwino yenyewe imekuwa na tamasha la muziki wa Cigogo tangu mwaka 2009. Tamasha hilo limefanya kazi kubwa ya kuuhifadhi muziki huu. Lakini uwanja wa wazi huupendelea muheme, ngoma ya wanawake, na makundi makubwa yenye vishindo. Utando wa buibui hauna nguvu ya kushindana nayo. Hapana budi mpiga ilimba apewe mahali pake, penye kivuli na watu wachache.

Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah, wa ukoo wake, walitoa santuri Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Zamani wanawake waliitikia nyuma. Safari hii wao ndio wanaoongoza.