Tanga la Angani

Msafiri atokaye pwani kwa reli ya kati hupita Ihumwa kabla hajaingia Dodoma. Reli hiyo ilifika Dodoma mwaka 1910, zama za Wajerumani, na haikupita miaka mingi ikawa na manufaa ambayo wajenzi wake hawakuyawaza. Marubani wa ndege ndogo za miaka ya 1920 na 1930, wasiokuwa na redio ya kuwaelekeza, walizoea kufuata reli na mito kama nahodha afuatavyo ukingo wa pwani. Katika nchi kavu ya Wagogo, alama iliyo wazi kuliko reli ilikuwa adimu.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways iliifanya Dodoma kuwa mojawapo ya vituo vyake baina ya London na Cape Town. Hizo zilikuwa ndege za barua na abiria. Ndege ya mtu binafsi ilikuwa kitu kingine, na iliyopendwa mno ilikuwa Gipsy Moth ya kiwanda cha de Havilland, Uingereza.

Mwana wa pwani angeielewa upesi. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, na mabawa yake yalivikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 100, na watu wawili walikaa mmoja nyuma ya mwingine, nyuso zao zikipigwa na upepo. Mabawa yalikunjika kuelekea mkiani, hata banda dogo likatosha kuihifadhi.

Lakini kununua chombo ni jambo moja, na kukitunza ni jingine. Jua hudhoofisha kitambaa, na ukavu hulegeza mbao. Petroli iliyokuja kwa madebe ilibidi ichujwe, maji na uchafu visiingie katika injini. Tena uwanda wa Dodoma umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Adhuhuri hewa yake ni nyepesi na ya moto, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Mwenye busara aliondoka alfajiri.

Kazi hizo zilihitaji mikono mingi: ya kukata nyasi kiwanjani, kubeba madebe, kusukuma ndege bandani. Nani ameyaandika majina yao?

Kisa kimoja chatosha, nacho ni cha Voi, kwenye reli ya Mombasa. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyeishi Kenya, alipaa hapo na Gipsy Moth yake. Ikaanguka na kuwaka moto. Alizikwa katika vilima vya Ngong, na nduguye akamsimamishia mnara. Vitabu na filamu vimemtaja tangu hapo. Katika ndege hiyo hiyo alikufa pia mtumishi wake, Kamau. Habari zake aghalabu huishia kwenye jina hilo moja.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huifikisha pwani Dodoma kwa saa chache. Mtafiti atakayeshuka huko asiulize tu nani alimiliki ndege. Awaulize wazee wa Ihumwa na vitongoji vyake baba zao walifanya kazi gani kiwanjani, na ayaandike majina yao kamili, la baba na la babu.