Kidole Tumbo: Ugonjwa Uliosingiziwa Jirani

Hebu weka kidole kwenye kitovu chako, kisha kisogeze taratibu chini upande wa kulia, kuelekea mfupa wa nyonga. Mara nyingi maumivu ya kidole tumbo hupita njia hiyohiyo katika saa za mwanzo. Madaktari walichelewa sana kuielewa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, lawama ilimwendea jirani: mwanzo wa utumbo mpana, pale kidole tumbo kilipoota. Mgonjwa alipewa afyuni kutuliza maumivu, basi ikasubiriwa. Wengi walikufa wakisubiri.

Mwaka 1886, Reginald Fitz wa Harvard aliwasomea madaktari wenzake, mjini Washington, uchambuzi wa wagonjwa 257 ambao kidole tumbo chao kilitoboka. Akasema wazi: mkosaji ni kidole tumbo chenyewe, na hali ikizidi kuwa mbaya, mpasueni mapema.

Kwa nini kinavimba? Ni kifuko chembamba chenye mlango mmoja. Mlango ukizibwa na kinyesi kigumu, tezi zilizovimba au hata minyoo, ute hujaa ndani, presha hupanda, damu hushindwa kupita vizuri na bakteria huzaliana. Mwanzoni neva zake hazijui kutaja mahali, kwa hiyo ubongo unasikia tu "katikati ya tumbo". Uvimbe ukigusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, hapo ndipo unaweza kuonyesha panapouma. Hamu ya kula hupotea, kichefuchefu huja, na homa kidogo. Ila si kila mgonjwa hufuata mpangilio huu, hasa watoto, wazee na wajawazito.

Mwaka 1902 Mfalme Edward wa VII wa Uingereza alitaka kuvumilia hadi avikwe taji Juni 26. Daktari Frederick Treves, aliyekuwa amefiwa na binti yake kwa ugonjwa huohuo miaka miwili nyuma, hakukubali. Juni 24 alimpasua na kutoa usaha. Mfalme alivikwa taji Agosti 9.

Sasa wewe huna taji linalokusubiri, labda mtihani au safari tu. Tumbo likikuuma hivi, usinywe dawa ya kuharisha, na usidanganywe na nafuu ya ghafla: huenda kimetoboka. Nenda hospitali siku hiyohiyo.