Bandari, Reli na Ardhi ya Nyuma Yake: Nachingwea na Ruangwa katika Mpango wa Karanga, 1946–1963

Historia ya Mpango wa Karanga wa Tanganyika imeandikwa mara nyingi kama kisa cha matrekta yaliyoshindwa na visiki. Mtazamo huo una ukweli, lakini unaficha swali zito zaidi: je, miundombinu ya pwani ilisanifiwa kwa kupima matumizi mbalimbali ya ardhi iliyokuwa nyuma yake, au ilisanifiwa kwa matumizi mamoja tu yaliyokwisha kuamuliwa? Makala hii inajibu swali hilo kwa kuangalia eneo ambalo leo ni wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Hoja yake kuu ni kwamba kosa la msingi halikuwa kujenga, bali kufunga uamuzi wa ardhi kabla ardhi haijajaribiwa.

Mpango ulianzia kwenye upungufu wa mafuta ya kula nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alitoa wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege. Ulipendekeza ekari 3,210,000 zilimwe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Kati ya hayo, 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini. Hivyo zaidi ya nusu ya mpango mzima ilitegemea ardhi ambayo haikuwa na reli wala bandari ya kina kirefu.

Pwani ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Lindi, bandari ya zamani yenye mji na wafanyabiashara, ambayo kina chake kidogo kiliwalazimu wapakiaji kutumia matishari. Ya pili ilikuwa Mtwara, yenye hori la asili la kina kirefu lakini isiyo na mji wa kuitumikia. Kwa shehena iliyotarajiwa, Mtwara ilionekana kuwa chaguo la lazima. Hata hivyo ujenzi wake ulihitaji muda, na mashine zilitakiwa zifike shambani mara moja. Ikajengwa gati ya muda Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, na reli ya geji ya mita ikafika Nachingwea mwaka 1949. Gati za kina kirefu za Mtwara zilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mpango wenyewe kuachwa.

Nyuma ya pwani nako kulikuwa na njia zaidi ya moja. Mashamba makubwa ya mashine yalikuwa moja. Nyingine ilikuwa kuwagawia wakulima wapangaji vipande vya ardhi, huku shirika likibaki na kazi nzito za kufyeka na kutifua. Ya tatu ilikuwa kuimarisha kilimo cha Wamwera na majirani zao, waliolima mtama, mahindi, mihogo na ufuta kwa kuhama na kuacha ardhi ipumzike. Wapangaji wa London waliiona nchi hii kama pori lililokaa bure. Lakini ardhi iliyopumzishwa si ardhi tupu; ni sehemu ya hesabu ya mkulima, na uchache wa watu ulikuwa na sababu zake, hasa uhaba wa maji na mbung'o. Sababu hizo hazikuondolewa na tingatinga.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na lengo la uzalishaji mkubwa, baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36. Shughuli za Nachingwea ziliendelea kama majaribio, na mwaka 1955 zikakabidhiwa Tanganyika Agricultural Corporation. Hapo ndipo njia ya wakulima wapangaji ilipopewa nafasi, yaani baada ya fedha kwisha na reli kukamilika. Mpangilio ambao ungefaa kutangulia ukawa wa kuokoa mabaki.

Hatima ya miundombinu hiyo inatoa kipimo kizuri. Reli ilisanifiwa kwa mzigo mkubwa wa zao moja. Mzigo huo ulipokosekana, hata tawi la kuelekea Masasi lililofunguliwa mwaka 1958 halikuweza kuiokoa. Reli ilifungwa na mataruma yake kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara haikufa. Iliweza kupokea korosho na mazao mengine ya wakulima wadogo, kwa sababu gati halimuulizi mzigo umelimwa na nani. Tofauti ni kwamba bandari iliruhusu matumizi mengi ya ardhi, ilhali reli ilitegemea moja.

Mabaki mengine yalipata kazi isiyotarajiwa. Farm 17, jina lililotokana na hesabu ya mashamba ya karanga, ilikuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Utafiti wa kilimo ulioanzia Nachingwea ulihamia Naliendele mwaka 1970, na mazao unayoyashughulikia, yakiwamo korosho, ufuta na karanga, ni yale yanayolimwa zaidi na wakulima wadogo. Karanga yenyewe, basi, haikushindwa na ardhi ya kusini. Kilichoshindwa ni namna moja ya kuilima.

Funzo hili lina uzito leo, wakati ushoroba wa Mtwara unajadiliwa upya pamoja na reli ya kwenda Mbamba Bay. Usanifu wa gati, ukuta wa bahari au njia ya reli hauwezi kupimwa kwa uimara wa zege na chuma pekee. Unapaswa kupimwa kwa idadi ya matumizi ya ardhi unayoyaruhusu iwapo makisio ya kwanza yatakosea. Kwa mkulima wa Ruangwa anayesafirisha ufuta wake kwa lori, swali hilo ni la kipato chake cha msimu ujao.