Selimundu: Kwa nini watoto wawili au watatu huugua mfululizo

WAZAZI wanapoelezwa hospitalini kwamba uwezekano wao wa kupata mtoto mwenye selimundu ni mmoja kwa wanne, wengi huondoka na hesabu isiyo sahihi. Hudhani kwamba mtoto aliyekwisha kuzaliwa akiwa mgonjwa ndiye fungu lao, na kwamba watatu watakaomfuata watakuwa salama. Wa pili naye akiugua, huamini kwamba si bahati tena bali kuna mkono wa mtu.

Katika eneo la Magunga, Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, na ng'ambo ya pili huko Nyatike, Migori, suala hili si la darasani. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye malaria nyingi, na palipo na malaria nyingi kwa karne na karne, selimundu nayo huwapo. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Gilgil, alipima damu za jamii mbalimbali za Kenya mwaka 1949 na kugundua kwamba jeni ya ugonjwa huu ilikuwa imeenea Pwani na kando ya ziwa, ilhali ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo ya sababu: anayerithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali.

Kila mtu hurithi jeni mbili za hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu; moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Mwenye jeni mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya selimundu ni AS. Huyu kwa kawaida ni mzima, na huenda akazeeka bila kujua hali yake. Mwenye mbili za selimundu, SS, ndiye mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mtoto ana robo ya uwezekano wa kuwa AA, nusu ya kuwa AS, na robo ya kuwa SS.

Jambo linalosahaulika ni kwamba robo hiyo huanza upya katika kila mimba. Yai na mbegu ya kiume havina habari ya yaliyowapata watoto waliotangulia. Wataalamu wa hesabu huyaita haya matukio huru, na uwezekano wa matukio huru kutokea pamoja hupatikana kwa kuzidisha. Watoto wawili wa kwanza wote kuugua ni 1/4 mara 1/4, yaani 1/16. Watatu wa kwanza ni 1/64.

Je, ule mgao unaotarajiwa na wengi, mgonjwa mmoja katika kila watoto wanne, hutokea mara ngapi? Chini ya nusu. Katika familia 256 za wazazi AS wenye watoto wanne kila moja, hutarajiwa familia 81 zisizo na mgonjwa hata mmoja, 108 zenye mmoja, 54 zenye wawili, 12 zenye watatu, na moja ambayo wote wanne wanaugua.

Hesabu ya mfululizo ni ngumu kidogo, kwa sababu mfululizo unaweza kuanza popote. Tuseme familia ina watoto watano na inaulizwa uwezekano wa watatu kuugua kwa kufuatana. Mfululizo ukianza na mtoto wa kwanza, uwezekano ni 1/64. Ukianza na wa pili, sharti wa kwanza awe mzima, hivyo ni 3/4 ya 1/64. Ukianza na wa tatu, sharti wa pili awe mzima, nayo pia ni 3/4 ya 1/64. Jumla ni takriban asilimia 3.9.

Kwa mfululizo wa wawili, ni rahisi zaidi kuhesabu familia zinazoukwepa, kisha kutoa katika moja. Familia huukwepa kwa njia mbili tu. Ama mtoto wa mwisho ni mzima na wote waliomtangulia wameukwepa, ama wa mwisho ni mgonjwa, aliye kabla yake ni mzima, na waliosalia wameukwepa. Kwa hiyo jibu la kila idadi ya watoto hupatikana kwa kuchukua 3/4 ya jibu la idadi iliyopungua mmoja na kuongeza 3/16 ya jibu la idadi iliyopungua wawili. Kwa watoto wawili, uwezekano wa kuukwepa ni 15/16. Kwa watatu 57/64. Kwa wanne 27/32. Kwa watano 819/1024. Familia ya watoto watano basi ina uwezekano wa 205/1024, yaani asilimia 20, ya kupata angalau wagonjwa wawili waliofuatana. Moja kwa tano si ajabu hata kidogo.

Sasa chukulia eneo ambalo mtu mmoja kwa kila watano ni AS, kiwango kinachokaribia hali ya kando ya ziwa. Ndoa moja kati ya 25 itakuwa ya AS wawili. Katika ndoa 2,000, hizo ni 80. Kila moja ikipata watoto watano, nyumba 16 hivi zitakuwa na wagonjwa wawili mfululizo, na tatu hivi zitakuwa na watatu mfululizo. Nyumba hizo tatu ndizo zitakazozungumzwa sokoni. Wapo watakaosema ni chira, ile adhabu inayosemekana huwafika wanaovunja miiko ya Wajaluo, na wapo watakaomshuku jirani. Hata hivyo, hesabu ilizitarajia kabla ya mtoto yeyote kuzaliwa. Ilichoshindwa kutaja ni nyumba zipi tu.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi, kwani halina dalili. Wazazi AS wana uwezekano wa karibu asilimia 32 wa kupata watoto wanne wa kwanza wasiougua. Ni kweli kwamba kwa wazazi ambao hawajapimwa, watoto wanne wazima ni dalili njema: katika eneo hilo la mfano, uwezekano kwamba wote wawili ni AS hushuka kutoka 1 katika 25 hadi 1 katika 77 hivi. Lakini ikiwa vipimo vimekwisha kuonyesha kwamba ni AS, watoto hao wanne hawapunguzi chochote. Wa tano ana robo ile ile.

Kinachobadilisha robo ni wazazi wenyewe. Mume AS akiwa na mke AA hawatapata mtoto SS. Mume huyo huyo akioa mke wa pili ambaye ni AS, robo inaingia nyumba ya pili, na mara nyingi mke huyo ndiye hulaumiwa, ilhali nusu ya jeni zinazomuuguza mtoto zimetoka kwa baba. Mzazi mmoja akiwa SS na mwenzake AS, uwezekano hupanda hadi nusu kwa kila mtoto.

Ni kipimo cha damu tu kinachoweza kuonyesha haya, na ni bora kifanywe kabla ya ndoa au mtoto anapozaliwa. Mtoto anayegunduliwa mapema hupewa penisilini ya kumkinga na maambukizi katika miaka yake mitano ya kwanza, na dawa ya hydroxyurea hupunguza vipindi vya maumivu makali.

Mimba moja tu huvunja kanuni ya kuzidisha, nayo ni ya mapacha wanaofanana. Hao hutokana na yai moja lililogawanyika, hivyo hurithi jeni zile zile. Uwezekano wa wote wawili kuugua ni 1/4, wala si 1/16. Mapacha wasiofanana ni kama ndugu wengine, kila mmoja ana robo yake.