Joto lenye unyevu: Hatari iliyojificha mpakani Busia na Malaba

Mgeni anayewasili Busia au Malaba mwezi wa Februari hustaajabu kuona kipimajoto kikionyesha nyuzi 31 au 32 tu, ilhali shati lake limelowa chapachapa. Turkana kuna joto kali zaidi, lakini huko jasho hukauka upesi. Mpakani hukawia kukauka, na hapo ndipo hatari ilipo.

Chanzo

Miji hii miwili ya Kaunti ya Busia iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, nayo hupata unyevu mwingi kutoka Ziwa Victoria. Joto huzidi kati ya Januari na Machi. Mvua za masika zinapoanza, joto na unyevu hukutana.

Mwili hujipoza kwa jasho. Hata hivyo, kinachoupoza si kutoka kwa jasho bali ni kukauka kwake. Hewa iliyojaa unyevu huzuia ukaukaji huo, hivi kwamba nyuzi 32, unyevu ukiwa asilimia 70, huhisiwa kama nyuzi 40.

Mnamo Julai 1995, hali kama hiyo iliua zaidi ya watu 700 jijini Chicago, Marekani. Wengi wao walikuwa wazee waishio peke yao.

Walio hatarini

Kazi nyingi za mpakani hutegemea misuli. Hamali hubeba magunia, waendeshaji wa boda boda hushinda juani, na watu wenye ulemavu huvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Dereva wa lori na utingo wake wanaposubiri kwenye foleni Malaba, kabini iliyozimwa injini hugeuka tanuri. Anayetoka sehemu za baridi kama Limuru huhitaji wiki moja hadi mbili ili mwili uzoee.

Aidha, wazee, watoto wachanga, waja wazito na wagonjwa wa moyo au kisukari huathirika haraka, hasa katika vyumba vya mabati visivyo na madirisha ya kutosha.

Jinsi ya kujikinga

Kazi nzito ifanywe alfajiri au jioni, na mapumziko yawe kivulini kati ya saa sita na saa tisa mchana. Anayefanya kazi juani anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 20, bila kungoja kiu. Pombe haikati kiu. Huongeza upotevu wa maji mwilini. Nguo ziwe pana, nyepesi na za pamba. Nyumbani, madirisha mawili yanayokabiliana hupitisha upepo, nao mti uliopandwa karibu na ukuta hupunguza joto la mabati.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza huashiria kwamba mwili umeanza kushindwa. Mtu akichanganyikiwa, akiropokwa au kuzirai huku mwili ukiwaka moto, huenda joto lake limepita nyuzi 40. Hiyo ni dharura.

Hapa ndipo wengi hukosea. Eneo hili lina malaria nyingi, hivyo kila mwili wenye joto hudhaniwa kuwa na homa, na mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza maumivu na kufunikwa blanketi. Dawa hiyo haiteremshi joto lililosababishwa na jua, nalo blanketi huliongeza.

Mgonjwa apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa mfululizo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Wakati huohuo, gari la kumpeleka hospitalini litafutwe. Malaria itapimwa huko; kupoza mwili kuanze papo hapo alipoanguka, kwa kuwa kila dakika inayopotea huzidi kuuhatarisha ubongo.