Kunuka mdomo: Jinsi dawa ya vidonda ilivyokuja kututia aibu

Leo tuongelee kitu ambacho kila mtu anakijua kwa mwenzake, ila kwake mwenyewe hakijui.

Nina mshikaji wangu mmoja, jina namhifadhi. Jamaa alikuwa mchangamfu kinoma, stori zote za kijiweni anaanzisha yeye. Siku moja kagombana na mpenzi wake, yule dada kwa hasira akamropokea: "Kwanza unanuka mdomo!" Basi. Kuanzia siku hiyo mshikaji akawa anaongea huku kaziba mdomo na kiganja. Kwenye daladala anageukia dirishani. Jojo haziishi mfukoni, na kila akipata hela ananunua chupa ya dawa ya kusukutua. Amekaa hivyo karibu mwaka mzima.

Sasa kwa nini mtu akiambiwa ananuka mdomo anakimbilia chupa, haendi kwa daktari wa meno? Hapo kuna historia, na imeanzia mbali.

Mwaka 1879 kule St. Louis, Marekani, daktari mmoja anaitwa Joseph Lawrence alitengeneza dawa ya kuua vijidudu. Haikuwa ya mdomo. Ilikuwa ya kusafishia vidonda na kutumika kwenye upasuaji. Akaipa jina Listerine, kwa heshima ya Joseph Lister, yule daktari Mwingereza aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu wakati wa upasuaji. Baadaye ikaanza kuuzwa kwa madaktari wa meno, na mwaka 1914 ikaingia madukani kama dawa ya kusukutua.

Lakini biashara haikuwa kubwa kivile. Miaka ya 1920 wenye kampuni wakapata akili. Wakachukua neno la kitabibu ambalo watu wa kawaida hawalijui, halitosisi, maana yake pumzi yenye harufu mbaya, wakalijaza kwenye magazeti. Tangazo lao maarufu lilikuwa na binti mrembo mwenye huzuni: kila siku anasimamia harusi za wenzake, yeye haolewi, na miaka 30 hiyo inakaribia. Sababu? Mdomo! Na mbaya zaidi, hata rafiki yake wa karibu hawezi kumwambia.

Umeona mchezo? Hawakuuza dawa, waliuza hofu. Ndani ya miaka 7 tu mapato ya kampuni yakatoka dola 115,000 mpaka zaidi ya milioni 8. Na hawakuishia hapo. Kwa miaka mingi walitangaza pia kwamba dawa hiyo inazuia mafua, mpaka serikali ya Marekani ikawabana na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba lazima watangaze upya kuwa haizuii mafua wala kuwasha kwa koo.

Sasa harufu yenyewe inatoka wapi? Mwaka 1683 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ule ukoga mweupe katikati ya meno yake akauangalia kwa lenzi aliyotengeneza mwenyewe. Akaona vidudu vinaogelea! Akachukua na wa mzee mmoja ambaye hajawahi kusafisha meno maisha yake yote. Huko sasa vilikuwa vimejaa kupita maelezo.

Hao ndio wenye kesi, ndugu zangu. Ni bakteria. Wanakula mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa mdomoni, halafu wanatoa gesi zenye salfa, ile ile ya yai viza. Wanapenda sehemu isiyo na hewa: nyuma ya ulimi, chini ya fizi, kwenye jino lililotoboka. Mate ndiyo yanawasafisha, ndiyo maana ukilala, ukifunga au ukikaa na kiu mdomo unanuka. Hiyo ya asubuhi ni ya kila mtu, hata huyo staa unayemfuatilia.

Ukisukutua bila kuondoa ukoga, umepulizia manukato juu ya takataka. Fanya hivi:

1. Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, na usiku usikose.
2. Kwangua ulimi, hasa kule nyuma. Wengi tunasahau hapa.
3. Pitisha uzi wa meno katikati ya meno.
4. Kunywa maji ya kutosha, punguza sigara na pombe.
5. Fizi zikitoa damu au jino likitoboka, nenda kwa daktari wa meno. Mdomo ukiwa safi na bado harufu ipo, inaweza kuwa tonsesi au mafua sugu ya pua, kwa hiyo mwone daktari.

Na tusijidharau. Watu wa pwani walikuwa wanasugua meno kwa kijiti cha mti wa mswaki kabla hiyo chupa haijatengenezwa. Hata jina la mswaki wa plastiki unaotumia leo limetoka huko.

Tumrudie mshikaji. Siku moja jino likamuuma usiku kucha, asubuhi akaenda hospitali. Gego la nyuma kabisa lilikuwa na shimo, chakula kinaozea humo muda wote huo. Likang'olewa, fizi ikapona, na harufu ikaisha. Mpenzi wake hakurudi, lakini kelele za jamaa kijiweni zimerudi.

Kinachoniuma ni kwamba sisi washikaji zake wote tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunasogea pembeni na kucheka akiondoka. Hakuna aliyemvuta chemba akamwambia, "Kaka, hebu kacheki hilo jino." Kama una rafiki wa hivyo, mwambie leo, mkiwa wawili tu.